Fikia Lushoto, Zunguka Taratibu: Siku Sita za Likizo kwa Gari Lako

Kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 za lami. Mkazi wa Dar es Salaam atapiga hesabu ya nusu saa. Wewe weka saa nzima, na kama ndani ya gari kuna anayechafukwa na tumbo kwenye kona, ongeza robo. Milima ya Usambara haipimwi kwa kilomita. Ukiuliza njia, uliza saa.

Mimi safari ya kwanza sikuuliza. Tulikuwa na siku chache nikazigawa kwa nyumba tatu za wageni: leo Soni, kesho Mtae, keshokutwa Lushoto mjini. Kila asubuhi tunafunga mabegi, kila jioni tunatafuta chumba, na katikati ni kona tu. Mke wangu akasema milima ya kupita dirishani angeiona hata kwenye basi la Arusha, tena bila kufunga begi. Tangu hapo tunafikia mahali pamoja. Mabegi yanafunguliwa mara moja, gari linatoka asubuhi na kurudi kabla giza halijaingia. Haya ninayoyaeleza hapa ni ya safari ya namna hiyo: familia, gari la kawaida, na hakuna anayekimbizana na kitu.

Kwanza, chagua tarehe

Masika ni Machi hadi Mei, na hiyo iepuke. Udongo huporomoka ukaziba lami kati ya Mombo na Soni, na barabara za udongo huko juu huwa utelezi mtupu. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inavumilika ukikubali kulala na ratiba na kuamka bila ratiba. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi yake si ya mchezo: mji uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai sweta moja haitoshi. Watu wa Pwani huwa hawaamini hili hadi usiku wa kwanza. Chaguo langu ni Septemba, au Januari na Februari, ambapo pichi na plamsi zimejaa kando ya barabara.

Ondoka Jumanne, rudi Jumapili. Siku hizi sijazichagua ovyo, zimefuata magulio, na nitaeleza mbele. Sikukuu za Idi na Krismasi vyumba hubanana kwa sababu wenyeji walioko mijini hurudi nyumbani, kwa hiyo ukitaka wakati huo weka nafasi mapema sana. Mwezi wa Ramadhani nao baadhi ya migahawa hufungwa mchana, basi kubaliana na mwenyeji wako kuhusu chakula cha watoto kabla hujaondoka nyumbani.

Pili, mahali pa kufikia

Una sehemu nne za kufikiria. Mjini Lushoto kuna benki, vituo vya mafuta, soko na mafundi, lakini pia kuna spika za stendi. Soni iko chini kidogo na ina joto zaidi. Inamfaa mwenye mpango wa kwenda Bumbuli, ila Mtae itakuwa mbali mno. Magamba iko juu ya mji, karibu na msitu, na ukungu wake asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Mimi hufikia kwenye njia ya kwenda Irente, kilomita chache nje ya mji: kuna utulivu wa kijijini, na mkate ukiisha soko liko karibu. Mtae yenyewe ni nzuri kuliko zote, lakini ukifikia huko, kila safari ya kwenda kwingine inakula nusu siku.

Ukipiga simu kuulizia chumba, usiishie kwenye bei. Uliza gari linalala wapi, na je, njia ya kuingia ina mwinuko wa udongo? Kuna nyumba tulifika tukaiona nzuri sana, iko juu ya kilima, na usiku huo ikanyesha. Asubuhi gari lilishuka kwa kusukumwa upande na vijana wanne. Uliza maji ya moto yanatoka kwenye heita au yanachemshwa kwa kuni, maana ya kuni lazima uyaagize saa moja kabla. Uliza blanketi ngapi kwa kitanda. Kisha uliza kama wanapika, na kama watakufungia chakula cha kubeba. Hili la mwisho ndilo litakaloamua kama siku zako zitakuwa za starehe au za kutafuta chipsi kwenye kila kijiji.

Tatu, gari

Hapa nitakaa kidogo, maana likizo nyingi za milimani huharibikia hapa.

Gari dogo la chini, IST au Probox, linafika Lushoto, Soni, Irente na Magamba bila shida kipindi cha kiangazi. Kwa Mtae na njia za ndani za Bumbuli, mvua ikiwa imenyesha, utataka gari la juu, au ukodi la wenyeji pamoja na dereva wake. Hakuna aibu katika hilo. Dereva wa huko anajua daraja lipi limeliwa na maji wiki iliyopita, na wewe unapata nafasi ya kutazama nje.

Wiki moja kabla, nenda kwa fundi wako na umwambie unapanda mlima. Akague unene wa pedi za breki, kiwango na rangi ya mafuta ya breki (yakishakuwa meusi, yabadilishwe), maji ya rejeta, mkanda wa feni na matairi yote matano. Namaanisha matano, kwa sababu tairi la akiba ndilo hukutwa halina upepo. Jeki na spana yake ziwemo, na uongeze gogo la kuzuia gurudumu: ukipata pancha kwenye mteremko, jeki peke yake haitoshi. Kizimamoto, pembetatu mbili za kuakisi, bima, leseni na stika ya Nenda kwa Usalama viwe mahali ambapo mkono unafika, maana trafiki wa njia hii watavitaka.

Mafuta yahesabu hivi. Dar es Salaam hadi Lushoto ni kilomita 350 na ushee, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama 720. Mizunguko ya huko juu haitazidi 250. Weka kilomita elfu moja zisikupe presha. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litataka lita 83 au 84, na kwa sababu kupanda kunakula mafuta, andika 95. Jaza tangi Mombo au Lushoto mjini. Ukishaipita Magamba, mafuta utakayoyakuta mengi ni ya kwenye chupa, na mimi ya chupa nawaachia bodaboda.

Halafu kuna suala la gia. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama mguuni bila kushika kitu. Kinachotakiwa kulishika gari ni injini. Kanuni ya madereva wa zamani ni kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Mwenye gari la otomatiki asikae kwenye D: shusha mkono wa gia hadi 2 au L, na kama kuna kitufe cha O/D, kizime. Injini itaunguruma, abiria watakuuliza kuna nini. Waambie hakuna kitu.

Nne, siku ya kwenda

Toka Dar saa 11 alfajiri. Njia ya Bagamoyo hadi Msata inakuepusha na malori ya Chalinze, na wengi wetu wa kaskazini mwa jiji tunaipenda kwa hilo tu. Kutoka Msata unapita daraja la Wami, Mkata, Kabuku, mpaka Segera. Tatizo la njia hii ni vibao vya 50. Kila kijiji kina chake, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hukaa palepale unapoanza kusahau. Usikanyage mafuta hadi uone kibao cha kumaliza mwendo huo, hata kama nyumba za mwisho umeshazipita. Ukiendesha hivyo, Segera ni kama saa 4 na nusu asubuhi, na hapo watu wanakula. Machungwa usiyanunue yote wakati wa kwenda, yatakuwepo ukirudi.

Korogwe unaipita, Mombo unaingia kama saa 6 na nusu mchana. Kata kulia, lakini usianze kupanda papo hapo. Simama dakika kumi na tano, gari lipoe, anayechafukwa na tumbo ahamie kiti cha mbele. Kiyoyozi zima, fungua madirisha: injini inapata nafuu, na nyinyi mtaona jinsi hewa inavyobadilika kona baada ya kona.

Barabara hii asili yake ni ya enzi za Wajerumani, waliokuwa wakipanda huku kukimbia joto la Pwani. Mji wenyewe waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Barabara imebana, upande mmoja ni mwamba na mwingine ni korongo. Kona usiyoona mbele yake, piga honi. Mpishe anayepanda wakati wewe unashuka. Malori ya Fuso yenye mboga yakija, tafuta pa kujibanza mapema, dereva wa Fuso hana pa kwenda. Katikati ya safari kuna maporomoko ya Soni, ambayo ni ya maji na mnaweza kusimama kuyatazama. Mkisikia mwenyeji anasema kuna maporomoko barabarani, mwulize ni ya aina gani.

Mkifika, hakuna matembezi siku hiyo. Chai, maji ya moto, kulala.

Tano, siku za kukaa

Kanuni yangu ni upande mmoja kwa siku, na kitu kimoja kwa upande. Safari moja tu ndiyo inaruhusiwa kuwa ndefu.

Jumatano ni ya Irente. Kutoka mjini ni kilomita sita hivi, njia inapita Yoghoi, na mwisho wake dunia inakatika. Unasimama kwenye ukingo wa mwamba, chini yako Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari, na zaidi ya hapo nyika ya Wamasai hadi macho yachoke. Watu wengi huenda asubuhi kwa mazoea ya utalii. Ukingo huu unatazama magharibi, basi nenda alasiri, kama saa 10, ukae hadi jua lizame. Asubuhi hiyo mpitie shamba la Irente, linaloendeshwa na Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza mkate, jibini na jemu. Chakula cha mchana waagize mapema, hata jana yake. Pale ukingoni watoto washikwe mikono, sizungumzii utani.

Alhamisi ni msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu kabla ya kufika, mtandao ukiwa bado uko vizuri. Chukua mwongoza njia. Nilijaribu kumwambia mwanangu kwamba ule weusi na weupe ulioruka juu ya miti ni mbega, nikashindwa kumwonyesha, mwongozaji akamwonyesha sita. Saa mbili za kutembea zinatosha familia. Mwulize mwongozaji akutafutieni kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye ni wa milima hii. Vijana wakikuletea kinyonga barabarani ili mpige naye picha, usilipe, maana wakilipwa leo kesho watakamata wengine.

Ijumaa, hakuna kitu. Gari lisiwashwe. Najua mtu aliyetoka kilomita 350 anaona ni hasara, na huu ndio ugomvi wetu wa kila mwaka na shemeji yangu. Lakini siku ya tatu ndiyo mwili unapogundua uko likizo. Mjini siku hiyo shughuli hupungua mchana kwa ajili ya swala. Tembea kwa miguu hadi sokoni, kunywa chai, waache watoto wacheze mpira na wenzao wa jirani. Kishambaa utakisikia kila upande. Hata usipoelewa neno, shikamoo kwa wakubwa inafungua milango yote.

Jumamosi ndiyo siku ndefu, na hapa uchague. Usiunganishe.

Chaguo la kwanza ni Bumbuli. Shuka hadi Soni, kisha kata kuelekea mashariki. Jumamosi ndiyo siku ya gulio la Bumbuli, mahali pazuri pa kununua vyungu vya udongo. Njiani ni mashamba ya chai na migomba. Mwenye hamu ya msitu anaweza kusonga hadi Mazumbai, msitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wenye nyumba ya mtindo wa Uswisi katikati ya miti, ila aongee na chuo kabla. Upande huohuo wa Soni kuna Vuga, iliyokuwa makao ya watawala wa Wasambaa, wa ukoo wa Kilindi. Wazee wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyefukuzwa kwao kwa kuota meno ya juu kwanza, akaja huku akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, na Wasambaa wakamfanya mtawala. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848, na mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, nao wakapanda hadi kwake. Leo hutakuta jumba la kifalme la kupigia picha. Nenda kama una subira ya kumsikiliza mzee akizungumza, na mkono usiwe mtupu, sukari au majani ya chai yanatosha.

Chaguo la pili ni Mtae, kilomita 60 na kitu kupitia Magamba, Lukozi na Malindi. Hesabu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, hivyo saa 12 na nusu asubuhi muwe barabarani. Lukozi utaona mboga zinavyopakiwa: kabichi, karoti, viazi, vyote vinashuka Dar. Mtae imekaa juu ya ulimi wa mlima, kushoto korongo, kulia korongo, na chini ni tambarare za Mkomazi, na milima ya Upare ng'ambo. Kilimanjaro huonekana kukiwa kweupe sana, hasa alfajiri, kwa hiyo usiwaahidi watoto. Mkiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, au jana yake kumenyesha, achaneni nayo. Saa 8 mchana, hata kama ndiyo kwanza mnafurahia, washa gari. Ukungu ukishuka kati ya Malindi na Magamba utaendesha kwa kufuata ukingo wa barabara, na giza likiongezeka juu yake ni kazi ambayo mimi nimeifanya mara moja na imenitosha.

Sita, gulio na kushuka

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Lushoto. Mabegi yafungwe Jumamosi usiku, saa 1 na nusu asubuhi muwe sokoni, saa 4 muwe njiani. Nunua kilichoiva kidogo, si kilichoiva kabisa: kati ya hapa na Dar kuna saa nyingi na joto la Mkata. Viazi na karoti chini, kabichi juu yake, matunda laini mbele kwa abiria. Mwenye nyumba mliyofikia mwageni vizuri na mwulizeni kama kuna mzigo wa kumpelekea ndugu mjini. Mara nyingi upo, na mwaka unaofuata mtapewa chumba chenye dirisha la bondeni.

Sasa gari limebeba kilo nyingi kuliko lilivyopanda, na linashuka. Gia ya pili kuanzia mwanzo, usingoje harufu. Soni simama dakika kumi hata kama breki hazinuki, na mtoto asiguse rimu za magurudumu, zitakuwa za moto. Ukisikia pedali imelainika, egesha kwenye sehemu tambarare, weka lile gogo, subiri nusu saa. Usimwagie maji, chuma cha moto kikimwagiwa maji hupinda.

Mombo mkifika, fungeni vioo, washa kiyoyozi, vueni masweta. Angalia na kabichi za nyuma kama bado ziko mahali pake, maana yangu moja ilibiringika kwenye kona na kukaa chini ya pedali.